Kibali Kisipotoka, Shamba ni la Nani?

Kuna swali ambalo wanunuzi wa mashamba nchini Kenya huliuliza wakati mambo yamekwisha kuharibika: "Tulitia sahihi, nikalipa arbuni, tukasubiri bodi. Sasa mwenye shamba anasema kibali hakikutoka, kwa hiyo mkataba umekufa. Je, ni kweli?"

Tuseme mwalimu mmoja wa Kitale anataka kununua ekari mbili kwa shilingi milioni mbili. Analipa arbuni, yaani malipo ya kwanza ya kuonyesha nia, ya shilingi 200,000. Ndani ya mkataba kuna sentensi moja: mauzo haya yatategemea kupatikana kwa kibali cha bodi ya ardhi. Miezi saba inapita. Kumbe katika miezi hiyo lami imefika karibu na shamba, na jirani ameuza ekari yake kwa bei maradufu. Mwenye shamba anamwita mwalimu, anamrudishia shilingi 200,000 taslimu, na kumwambia kwa upole kwamba sheria imewashinda wote wawili.

Mwalimu anarudi nyumbani na pesa zake zote, na bado anahisi ameibiwa.

Ili kujua kama ameibiwa kweli, inabidi kuuliza jambo ambalo ile sentensi ya mkataba haikulisema: ni nani aliyepaswa kukitafuta hicho kibali, na alikitafuta kwa bidii kiasi gani?

"Ikiwa" ina kazi gani ndani ya mkataba

Mkataba wa kawaida husema: wewe utalipa, mimi nitakupa. Mkataba wenye sharti huongeza neno "ikiwa". Nitakupa shamba ikiwa bodi itakubali. Nitanunua ploti ikiwa benki itanikopesha. Nitauza ikiwa mirathi ya baba itakamilika mahakamani.

Sharti la namna hii huitwa sharti la awali, kwa kuwa ni lazima litimie kwanza ndipo wajibu mkuu wa kuuza na kununua uanze kufanya kazi. Lipo pia sharti la baadaye, ambalo huuvunja mkataba uliokwisha kuanza. Mfano ni pale mkataba unaposema kwamba barabara mpya ikipimwa katikati ya shamba kabla ya hati kuhamishwa, mnunuzi anaweza kujitoa.

Watu wengi hudhani kwamba kabla sharti la awali halijatimia hakuna mkataba wowote, na kila mmoja yuko huru kama siku waliyokutana sokoni. Dhana hiyo ndiyo chanzo cha migogoro mingi. Kinachosubiri sharti ni kazi ya kuhamisha ardhi na kumalizia bei. Wajibu wa kulisaidia sharti litimie huanza mara tu wino wa sahihi unapokauka.

Bodi na ile miezi sita

Nchini Kenya sharti linalojulikana kuliko yote ni kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi. Linatokana na Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967, na linahusu ardhi ya kilimo katika maeneo yaliyowekwa chini ya sheria hiyo. Kuuza, kukodisha kwa mkataba mrefu, kuweka rehani na hata kukata shamba vipande kunahitaji kibali. Mwenyekiti wa bodi ni ofisa wa utawala wa eneo. Bodi huangalia, miongoni mwa mengine, kama mnunuzi ataweza kuiendeleza ardhi, na kama bei inaumiza upande mmoja kupita kiasi. Kwa desturi huuliza pia kama mke, mume na watoto wakubwa wa muuzaji wanajua kinachoendelea.

Mambo manne ya sheria hii yanamhusu kila mnunuzi:

- Ombi la kibali lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu siku ya makubaliano. Mahakama inaweza kuongeza muda kukiwa na sababu ya kutosha.
- Ombi linaweza kupelekwa na upande wowote wa makubaliano. Sheria haikumpa muuzaji peke yake kazi hiyo.
- Bodi ikikataa, aliyekataliwa ana siku 30 za kukata rufaa kwenye bodi ya juu.
- Mauzo yasiyo na kibali ni batili, yaani hayana nguvu kisheria. Pesa zilizolipwa zinadaiwa kama deni.

Jambo hilo la nne ndilo muuzaji wa Kitale alilolishika. Mauzo ni batili, chukua pesa zako. Sheria ilikwenda mbali zaidi, ikalifanya kuwa kosa la jinai kulipa au kupokea pesa, au kukaa kwenye shamba, kwa kuendeleza mauzo batili. Adhabu iliyowekwa ni faini isiyozidi shilingi 3,000 au kifungo kisichozidi miezi 3.

Lakini jambo la pili na la tatu nayo yamo katika sheria hiyo hiyo. Kabla ya kusema kibali "hakikutoka", muuzaji angepaswa kuulizwa: kiliombwa lini? Bodi ilikaa siku gani? Ilikataa kwa sababu ipi? Rufaa ilikatwa? Kibali ambacho hakikuombwa hakiwezi kusemwa kimekataliwa.

Mashine ya kuchimba udongo

Wazo kwamba mtu hawezi kulizuia sharti kisha akajinufaisha nalo ni la zamani. Mwaka 1881 Mabwana wa Sheria wa Bunge la Uingereza, ambao ndio waliokuwa mahakama ya mwisho, waliamua kesi ya mashine iliyotoka Uskoti. Mtu mmoja alikubali kununua mashine ya mvuke ya kuchimba udongo, kwa sharti kwamba ijaribiwe kwanza kwenye kazi yake ya reli mahali paitwapo Carfin na ichimbe kiasi fulani katika siku ya kazi ya saa 10. Ikifaulu angelipa. Ikishindwa wauzaji wangeichukua.

Mnunuzi hakuandaa mahali pa kuchimba ipasavyo. Jaribio halikukamilika kama walivyopatana, kisha akakataa kulipa akisema mashine haikufaulu mtihani. Mahakama ilimwamuru alipe. Waliokubaliana wanapopanga jambo ambalo haliwezi kufanyika bila mikono ya wote wawili, kila mmoja amekubali kufanya sehemu yake hata kama karatasi haikusema. Yeye ndiye aliyekuwa na uwanja wa mtihani, na yeye ndiye aliyeufunga.

Mahakama za Kenya zilirithi misingi ya sheria ya mikataba kutoka Uingereza, na funzo la Carfin linaweza kuhamishiwa kwenye ofisi ya bodi bila kubadilishwa sana. Mnunuzi anaweza kujaza fomu, lakini muuzaji asipotia sahihi, asipoleta hati na asipofika siku ya kikao, ombi hukwama. Uwanja wa mtihani uko mikononi mwake.

> Kwa ufupi hadi hapa. Sharti la awali huahirisha kuhamisha ardhi. Haliahirishi wajibu wa kushirikiana. Anayelizuia sharti kwa makusudi hana haki ya kulitumia kama mlango wa kutokea.

Bidii kiasi gani yatosha?

Hapa ndipo maneno ya mkataba yanapokuwa na uzito wa pesa. Mikataba mingine husema upande fulani utafanya "juhudi za kutosha" kupata kibali. Mingine husema "juhudi zote". Mingine haisemi lolote. Msomaji wa haraka huyaona maneno hayo kama mapambo ya mawakili. Kesi mbili za Uingereza, zote za ardhi, zinaonyesha tofauti yake.

Ya kwanza ni ya mwaka 1969. Kampuni ya usafirishaji, Hargreaves Transport, ilikubali kununua ardhi kwa sharti kwamba ipate ruhusa ya mipango miji kuitumia kama kituo cha malori. Ilipata ruhusa ya awali, ile inayokubali wazo kwa jumla. Ilipopeleka michoro yenyewe, wakazi wa eneo hilo walipinga, na wakuu wa mipango wakakataa. Kampuni ilidai arbuni yake. Muuzaji akajibu kwamba ruhusa ilikwisha kutoka, na kwamba mapambano yangeweza kuendelea. Mahakama ilisimama na mnunuzi: ruhusa aliyoihitaji ni ile ya kumwezesha kweli kuendesha kituo, naye alikuwa amekwisha kufanya yaliyotarajiwa. Arbuni ikarudi.

Ya pili ni ya mwaka 1980, na mizani yake ililala upande mwingine. Kampuni ya kompyuta ya IBM ilikubali kununua ardhi ya kampuni ya vioo ya Rockware kwa pauni 6,250,000, ikipata ruhusa ya ujenzi. Mkataba ulisema wazi kwamba mnunuzi ataomba ruhusa na kufanya juhudi zote aipate. IBM iliomba, halmashauri ikakataa, nayo ikaishia hapo. Haikukata rufaa kwa waziri. Mahakama ilisema hiyo haikutosha. Ilitaka kujua mwenye mali mwenye busara na ari, anayekitaka kweli kitu kile kwa faida yake mwenyewe, angefanya nini. Mtu wa namna hiyo, akiwa na matumaini ya haki ya kushinda na pauni zaidi ya milioni sita zikiwa mezani, hasimami kwenye mlango wa kwanza uliofungwa.

Kipimo hicho kinaweza kutumiwa na mtu yeyote bila kusomea sheria. Jiulize: kama kibali hiki kingekuwa cha nyumba ya mwanangu, ningefanya nini ambacho huyu hakufanya?

Jaji mmoja wa Uingereza alizitenganisha juhudi hizo mwaka 2007. Alieleza kwamba anayeahidi juhudi za kutosha huenda akatimiza ahadi yake kwa kufuata njia moja ya maana, ilhali aliyeahidi juhudi zote anatakiwa kuzijaribu njia zote za maana zilizo wazi kwake. Ngazi yenyewe basi iko hivi:

1. Mkataba usiposema lolote. Kila upande usizuie, na ufanye sehemu yake ya lazima: sahihi, hati, kufika kikaoni.
2. Juhudi za kutosha. Ombi lipelekwe mapema, likiwa kamili, na lifuatiliwe.
3. Juhudi zote. Ongeza kurekebisha ombi lililorudishwa, kupeleka upya, na kukata rufaa pale penye matumaini.

Hata ngazi ya juu ina dari. Hakuna mahakama itakayomtaka mtu afilisike kwa ajili ya kibali, au atoe hongo, au apande ngazi za rufaa ambazo wazi hazimfikishi popote. Dari hiyo inawafaa wauzaji waaminifu pia. Mzee aliyepeleka ombi kwa wakati, akafika kikaoni na wanawe, akakataliwa kwa sababu bodi iliona familia itabaki bila ardhi ya kulima, amefanya kazi yake. Mnunuzi wake anastahili pesa zake, wala hana haki ya kumlaumu.

Mahakama za Kenya zilipogawanyika

Rudi kwa mwalimu, na safari hii tuseme alikwisha kulipa bei yote, akakabidhiwa shamba, akajenga. Muuzaji hakwenda kwa bodi kamwe. Miaka imepita na thamani imepanda. Je, bado mauzo ni batili?

Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilipokea kesi ya wanunuzi 88 dhidi ya mtu mmoja aliyewauzia viwanja, akapokea pesa zao na kuwaacha waingie, kisha akaegemea ukosefu wa kibali. Majaji walimkatalia. Walitumia kanuni ya amana ya kudhaniwa, yaani mahakama humhesabu mwenye hati kuwa anaishika ardhi kwa niaba ya mwingine pale ambapo dhamiri haiwezi kumruhusu kuiita yake. Walikumbusha pia kwamba Katiba ya 2010, katika ibara ya 10, imeitaja haki na usawa miongoni mwa tunu za taifa.

Mwaka huo huo jopo jingine la mahakama hiyo hiyo lilisema kinyume: sheria ya 1967 imesema batili, na batili ni batili, huruma ya majaji haiwezi kuandika upya kilichopitishwa na Bunge. Kwa muda mawakili walikuwa na hukumu mbili za ngazi moja zikitazamana uso kwa uso, na mteja aliweza kushinda au kushindwa kwa kutegemea ipi ingefuatwa.

Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ililipima swali upya katika kesi nyingine ya muuzaji aliyelipwa, akakabidhi shamba, kisha akakataa kulihamisha. Ilifuata njia ya wale wanunuzi 88. Kukosekana kwa kibali, ilisema, hakuifungi mahakama mikono pale ambapo kumwachia muuzaji ardhi na faida kungekuwa dhuluma.

Uamuzi huo ni wa haki. Sheria ya bodi ililenga kulinda familia za wakulima zisiachwe bila shamba kwa mauzo ya haraka haraka. Kumpa nguvu muuzaji aliyekula pesa, kwa kosa lake mwenyewe la kutokwenda kwa bodi, ni kuigeuza ngao kuwa panga.

Hata hivyo mwalimu wa mfano wa kwanza, aliyelipa arbuni tu na hajaingia shambani, hana ngome hiyo. Kinga ya mahakama imejengwa juu ya pesa zilizolipwa, shamba lililokabidhiwa na maisha yaliyokwisha kuwekwa pale. Yeye anachohitaji ni mkataba ulioandikwa vizuri zaidi, na kalenda.

Tarehe si pambo

Kesi ya mwaka 1959 kutoka Malaya inaeleza sababu. Kampuni ya Aberfoyle ilikuwa ikiuza shamba la mpira, na sehemu ya ardhi ilishikwa kwa mikataba saba ya upangaji iliyokuwa imekwisha muda. Mauzo yalitegemea muuzaji kuihuisha yote saba. Siku ya kukamilisha, 30 Aprili 1956, ilifika kabla hajaipata. Baraza la Faragha la London, lililokuwa mahakama ya mwisho kwa makoloni mengi ya Uingereza, liliamua kwamba sharti lenye tarehe lazima litimie kufikia tarehe hiyo. Mnunuzi akarudishiwa arbuni. Pale mkataba usipotaja tarehe ya sharti wala siku ya kukamilisha, hupimwa muda wa maana, na neno "wa maana" huweza kugombaniwa kwa miaka.

Nchini Kenya kuna mtego wa ziada. Mikataba mingi huweka siku 90 za kukamilisha mauzo, huku sheria ikitoa miezi 6 ya kupeleka ombi kwa bodi. Mnunuzi anayehesabu muda mmoja tu kati ya hiyo miwili anaweza kushtuka mwingine umekwisha. Na miezi 6 huanza kuhesabiwa siku ya makubaliano, hata kama bei ilimalizwa baadaye.

Upande wa pili wa mpaka sura ya jambo hili ni nyingine, lakini mzizi ni ule ule. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania wa mwaka 1985, imejulikana kwamba kuuza ardhi ya kijiji bila idhini ya mamlaka ya kijiji hakuhamishi kitu. Mnunuzi wa Handeni anayeridhika na sahihi ya muuzaji na mashahidi wawili chini ya mwembe yuko katika hatari ile ile ya mwalimu wa Kitale.

Sentensi moja iwe sita

Ile sentensi ya mkataba wa mwalimu ilikuwa fupi mno. Ingepaswa kujibu maswali haya:

- Nani ataomba? Taja jina. Andika kwamba upande wa pili utatia sahihi na kutoa hati ndani ya siku fulani, kwa mfano 7.
- Lini? Weka tarehe ya kupeleka ombi, mapema kuliko miezi 6, ili ibaki nafasi ya kurekebisha makosa.
- Kwa bidii gani? Andika kama ni juhudi za kutosha au juhudi zote, na kama rufaa ya siku 30 ni lazima.
- Kwa gharama ya nani? Ada za bodi, nauli za mashahidi, kazi ya mpima ardhi.
- Kibali kikikataliwa bila kosa la mtu? Arbuni irudi nzima, ndani ya siku ngapi. Kabla ya hapo ishikwe na wakili kwa niaba ya wote wawili, isiingie mfukoni mwa muuzaji.
- Kikikosekana kwa sababu ya uzembe? Mzembe alipe fidia, ikiwemo gharama za sachi (upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi), wakili na upimaji.

Na kabla ya yote hayo mnunuzi aulize kuhusu ndoa ya muuzaji. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu mali ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mume na mke wote wawili. Hilo nalo ni sharti, hata kama mkataba haukulitaja.

> Kwa ufupi. Sharti bila jina la mtekelezaji, bila tarehe na bila kiwango cha juhudi humwachia nafasi anayetaka kugeuka. Mahakama zinaweza kumwokoa aliyekwisha kulipa na kuingia shambani. Aliyelipa arbuni peke yake huokolewa na maneno aliyoyaandika na ushahidi alioutunza.

Kama tayari umetia sahihi

Wasomaji wengi wa sura hii watakuwa wamekwisha kutia sahihi mkataba wenye ile sentensi fupi. Hawajachelewa, mradi miezi 6 haijaisha. Hesabu tarehe leo. Mwandikie muuzaji barua, hata ujumbe wa simu, ukimwomba mpeleke ombi pamoja, utaje siku ya kikao kijacho cha bodi, na utunze nakala. Nenda ofisini uulize kama ombi limepokelewa. Usitosheke na kuambiwa kwamba "linashughulikiwa". Muuzaji akikaa kimya, kumbuka kwamba sheria imekuruhusu nawe kupeleka ombi, na kwamba muda ukipita mahakama inaweza kuuongeza ukionyesha sababu. Barua uliyoandika mwezi wa pili ndiyo itakayokuwa sababu hiyo mwezi wa nane.